Walishangilia Nusu ya Majibu

Ña Deolinda mpendwa,

Zamani niliwacheka wanaokuandikia gazetini, leo nimeshika kalamu mwenyewe, nisaidie. Mimi ni mwoka chipa, vimkate vya jibini, hapa Itauguá, umri miaka hamsini na tatu, na mwezi wa tisa nilikutwa na saratani ya titi la kushoto, tena kwapani palikuwa na uvimbe, daktari akahofia ni ile ile imeanza kutembea, basi mume wangu Arsenio akaweka nadhiri kwa Bikira wa Caacupé kwamba ikionekana haijafika kwapani atakwenda pekupeku kutoka mlangoni kwetu mpaka kanisani kwake, na wifi yangu Zunilda, ambaye tangu abatizwe hajasikiliza sentensi ikaisha, ndiye aliyenisindikiza kuchukua majibu. Daktari akasema, "Mama, huo uvimbe wa kwapani si saratani ya titi." Zunilda huyo, mbio nje, simu sikioni, analia kwa furaha. Nikabaki mimi kusikia kipande cha pili, kwamba kwapani kuna saratani nyingine kabisa, ya mitoki, wao wanaiita limfoma, haijuani na ile ya titi, zimekutana tu kwangu kama wapangaji wa nyumba moja.

Nilipofika nyumbani nguruwe alikuwa ameshachinjwa. Arsenio, mwanamume ambaye mazishini kwa mama yake alikohoa tu, alinikumbatia akalia, akasema, "Mke wangu, Bikira katusikia." Na kweli katusikia, maana hiyo ya pili hakuna aliyemwomba. Nikala nyama.

Sasa madaktari wawili wamekubaliana waanze na ya mitoki, ya titi niipoze kwa vidonge, na dawa ya kwanza ya mshipa ni tarehe tisa Desemba, sharti niende na mtu wa nyumbani, peke yangu hawanipokei. Nimeshaahirisha mara moja kwa kusingizia oda za chipa, na daktari amesema hii yangu haingoji. Lakini tarehe nane ndiyo sikukuu ya Bikira na Arsenio anatembea kushukuru. Nikimwambia kabla, nitamharibia furaha. Nikimwambia baada, nitakuwa nimemwacha achubuke nyayo huku najua. Naogopa kufa, ndiyo, lakini naogopa zaidi wakianza tena kunitazama kama mwezi wa tisa.

Tafadhali usitaje jina langu.

Mwenye Mbili, Itauguá

*

Mwenye Mbili, mdogo wangu,

Pole. Pole mara mbili, kwa kuwa ile ya pili hakuna aliyekupa.

Sasa nikuseme. Umeficha jina lako ukataja la mume, la wifi, mji na kazi yako, tena barua umeiandika nyuma ya karatasi ya oda yenye namba yako ya simu. Ndiyo maana nilikusomea jibu hili kwa simu siku ya Jumatano. Nikakuambia gazeti linatoka Jumapili, ukitaka niizuie barua, useme. Uliniambia nichape. Basi ujue una siku tatu za kumwambia Arsenio kabla gazeti halijamwambia.

Unasema unamlindia Arsenio furaha yake. Mama wee, unalinda sherehe ya nguruwe aliyekwisha kuliwa. Mwache mumeo atembee. Aliahidi kwa ajili ya titi, na saratani ya titi ilibaki mahali pake, kwa hiyo nyayo zake hazichubuki bure. Njia ni ndefu, na ya pili ataiombea huko huko. Ila aombe akijua anaomba nini. Ulimnyima hilo, na hapo ulikosea.

Hujui uanzie wapi? Daktari lazima amekukataza kuchangia mrija wa kunywea wakati wa dawa, kama hajasema muulize. Jumamosi wakikaa kunywa tereré, ile chai yetu ya baridi, pembe ya kunywea ikikufikia raundi ya kwanza, usinywe. Irudishe, useme asante. Wewe na mimi tunajua kwetu anayesema asante amemaliza, na hakuna anayemaliza kabla ya kuanza. Arsenio atakuuliza una nini. Mjibu. Usioke chipa kwanza, usipanguse meza.

Watakutazama kama mwezi wa tisa, naam. Watakutazama hivyo kwa sababu wanakupenda, na utavumilia, kwani dawa ya mshipa nayo utaivumilia.

Tarehe tisa nenda na Zunilda. Sikutanii. Mwenye mdomo wa kutangaza heri ndiye atakayewatangazia majirani wakuletee supu, na Arsenio siku hiyo hatakuwa na miguu. Ila daktari akifungua mdomo, mshike wifi yako sketi mpaka sentensi iishe.

Na Jumamosi hiyo, mdogo wangu, usirudie kosa la daktari. Anza na kipande cha pili.