Kupona Nusu

Mansura, 14 Novemba

Dada yangu Wagida,

Assalamu alaikum. Sisi wazima, natumai miguu yako imepungua uvimbe. Nakuandikia kwa karatasi kwa kuwa simu yako wanao wanaipekua, na hili ni letu wawili.

Ule mkojo usiozuilika tangu nimzae Karim, nimeupeleka hospitali. Wamenikata kinyama kidogo pajani. Daktari anasema mna chembe changa humo. Watazikuza maabara, kisha wazidunge kwenye shingo ya kibofu ziote misuli ya kuzuia. Bado wanaijaribu, haahidi kitu. Fathi wangu ananicheka, ati mkewe kapandwa kama shamba la mpunga. Mimi nataka kimoja tu: Ramadhani ijayo nisimame msikitini katika safu ya wanawake, mkavu.

Mdogo wako, Inshirah

Tanta, 25 Novemba

Mdogo wangu,

Waalaikumu salaam. Miguu inanibeba hivyo hivyo. Kumbe hata paja humfaa kibofu jirani yake.

Lakini ruhusa si unayo? Asiyeweza kuuzuia hutawadha wakati wa swala ukiingia, akaswali hata ukichuruzika. Mungu kakusamehe, unatafuta nini tena? Haya, nakuombea.

Dada yako, Wagida

Mansura, 20 Machi

Dada,

Salamu za mfungo. Hali yangu hata sijui niiteje.

Walinidunga Januari, nilinyamaza nikiogopa kijicho. Sasa nakaa mkavu saa nzima, hata mbili, kisha nikikohoa unatoka. Fathi alimuuliza sheikh, akasingizia kuwa mwenye shida ni shangazi yake. Sheikh akasema, akipata muda mkavu wa kutosha kutawadha na kuswali, ruhusa imeondoka; autafute muda huo. Akamwombea na dua huyo shangazi.

Juzi kwenye tarawehe nikapiga chafya. Udhu ukavunjika, nikatoka nikipenya katikati ya watu. Nilipokuwa nachuruzika niliswali kwa utulivu. Leo nimepona nusu, naswali huku najisikiliza. Daktari anasema huenda nikazidi kupona, huenda imeishia hapa, na sindano ya pili ipo. Nishukuru, au niombe tena? Msikitini nimeacha kwenda.

Inshirah wako

Tanta, 27 Machi

Inshirah,

Sijambo, tuseme hivyo. Ile ruhusa naijua kwa sababu naitumia, tangu uzazi wangu wa mwisho. Hata marehemu mume wangu hakujua. Nanyi mlidhani msikitini nasimama nyuma karibu na mlango kwa unyenyekevu.

Nakuja Alhamisi. Tutasimama mlangoni hapo msikitini kwenu, wote wawili. Mmoja akitoka, mwenzake asigeuke. Na hiyo sindano ya pili, usimkatalie daktari kwanza. Niambie: inauma kiasi gani?

Dada yako