Nimemtilia Mume Wangu Dawa ya Mbavu Kwenye Uji

Shangazi Sella, salamu kutoka Kibera, naomba msaada wako na tafadhali usinicheke kabla hujafika mwisho, mume wangu Fadul alianguka Jumapili iliyopita akirekebisha mabati ya nyumba ya binti yetu kule Kawangware, akavunjika mbavu mbili, lakini kwa kuwa mkwe wetu Khalid alikuwa amesimama pale akimtazama, alijipangusa vumbi akasema ni mkwaruzo tu, na tangu siku hiyo hataki kuonekana akimeza dawa. Daktari alimpa parasetamoli, tembe mbili mara nne kwa siku, naye akanisukumia, "Hadia, mimi si mgonjwa, nimeumia tu, hizo weka huko," na akigeuka kitandani anatoa mlio mpaka jirani ameuliza kama tumenunua mbuzi.

Basi nikaona nimsaidie kimyakimya, nikawa nasaga zile tembe natia kwenye uji, chai na mchuzi, zote nane kwa siku, akilalamika uji ni mchungu naongeza sukari, na kifua nikamkaza kwa leso mbili kama nyanya yangu alivyokuwa akifanya, akapata nafuu, akaanza kumwambia Khalid kwamba miili ya wanaume wa zamani hujitibu yenyewe. Leo asubuhi nimechukua kanzu yake niifue, mfukoni nikakuta pakiti mbili za parasetamoli ya kemisti, zimebaki tembe tatu tu, kumbe naye anameza kwa kujificha. Nikimwambia hatakula tena chakula changu, nikinyamaza naogopa nitamuua. Nifanye nini?

Hadia wa Kibera

Hadia mwanangu, ujumbe wako umeingia nikiwa hewani na nimeweka wengine wote kando. Nimecheka kwa huyo mbuzi, halafu nikaacha kucheka.

Ulifanya kwa mapenzi, najua, lakini mtu mzima hapewi dawa bila kujua. Tembe nane kwa siku ndio mwisho wake, na Fadul amepita hapo siku kadhaa. Parasetamoli ikizidi huumiza ini polepole, na mtu anaweza kujisikia mzima huku ndani anaharibika. Kwa hiyo asimeze nyingine, wewe usisage nyingine, na mwende hospitalini leo hii, si kesho, akapimwe damu. Beba pakiti zote, zako na zake, umweleze daktari kila kitu pamoja na uji.

Leso fungua sasa hivi. Kifua kilichobanwa hakivuti hewa vizuri, na hapo nimonia huingia. Mbavu hupona zenyewe kwa wiki kama sita, na dawa ya maumivu kazi yake ni kumwezesha kupumua kwa kina na kukohoa. Akikohoa akumbatie mto. Daktari ndiye atakayesema ameze nini, na akiruhusiwa, ameze mbele ya Khalid, mchana, na glasi ya maji. Akishindwa kupumua, akipata homa au akikohoa damu, msingoje chochote.

Na wewe Fadul, kama redio iko karibu, aibu gani hiyo ya kumficha mke wako tembe?

Hadia, mwambie ukweli mkiwa njiani. Akinuna, mwache anune. Mume aliyenuna bado unaye. Vaa viatu mtoke.