Siku Atieno Alipoanguka Darasani

Mama yangu mpendwa,

Pokea shikamoo yangu kutoka huku ziwani. Goti lako linasemaje siku hizi za baridi? Kaka Mwakio ameniambia unapanda kile kilima cha kanisani bila fimbo kwa kuwa hutaki watu wakuone umezeeka. Mama, chukua fimbo. Waumini wote wa pale wanajua umri wako, na wengi ulihudhuria harusi zao.

Mimi ni mzima. Jua la Kisumu limenichoma nikawa mweusi zaidi, na samaki wa huku wameninenepesha. Chumba changu cha hapa mtaani Kaloleni bado ninacho, na mwenye nyumba bado ananiita Madam Pwani, ingawa nimemweleza mara nyingi kwamba kwetu Taita ni milimani na bahari yenyewe hatuioni.

Ulilalamika kwamba nikipiga simu nasema niko sawa halafu nakata. Ni kweli. Kuna jambo lililonipata ambalo sikuweza kulisema kwa simu, ndiyo maana nimeketi kukuandikia.

Unajua nafundisha gredi ya nne, katika shule iliyo karibu na mtaa wa Obunga. Mwanzoni mwa muhula tulipokea msichana wa miaka kumi aitwaye Atieno, aliyehamia na mama yake kutoka Sondu. Ni mtoto mpole, mwandiko wake safi, na darasa zima ni yeye peke yake asiyesema "kitabu yangu". Nilimpenda upesi.

Asubuhi moja alikuwa amesimama akitusomea. Akanyamaza katikati ya sentensi, macho yakakwama ukutani, kisha akaanguka kati ya madawati, mwili mzima ukikakamaa na kutetemeka, povu likimtoka mdomoni. Kifafa, Mama. Watoto walipiga mayowe wakakimbilia nje. Na mimi, mwalimu wao, nilirudi nyuma hadi mgongo ukagusa ukuta. Nikasimama pale. Sikumgusa.

Aliyemshika ni mpishi wetu, Mama Auma, aliyesikia kelele akiwa jikoni. Alisukuma madawati kando, akapiga magoti, akavua kitambaa chake akakiweka chini ya kichwa cha mtoto. Hapo ndipo nilipopata akili ya kuokota rula, nikitaka tumtie kati ya meno.

"Usimtie kitu mdomoni, Madam," akasema. "Wewe angalia saa tu."

Nikaangalia saa. Zilikuwa dakika mbili. Mtetemeko ulipokwisha Mama Auma alimlaza kwa ubavu, akakaa naye sakafuni akimsemesha kwa Kijaluo mpaka akafumbua macho. Baadaye aliniambia kwamba dada yake aliugua hivyo, na hospitalini walifundishwa namna ya kumshika, na kwamba ikipita dakika tano ni kutafuta gari.

Kesho yake hakuna aliyetaka kukaa dawati moja na Atieno. Kwenye tangi la maji wenzake walimtengea kikombe chake. Hakuna mwalimu aliyewafundisha hayo, walikuja nayo kutoka nyumbani. Kabla wiki haijaisha wazazi walifika ofisini wakiongozwa na Baba Brian, mwendesha boda boda, ambaye siku nyingine ni mtu mcheshi sana. Alisema watoto wao wataambukizwa. Mwalimu mkuu wetu anakaribia kustaafu na hapendi kelele. Akaandika barua kumwomba mama Atieno akae na mtoto nyumbani kwa muda, akanipa mimi niipeleke.

Nilimkuta mama huyo nje ya nyumba yake akikaanga mgongo wazi, ile mifupa ya sangara inayobaki viwandani baada ya minofu kutolewa. Alinawa mikono, akaisoma barua taratibu, akaikunja.

"Hii ni ya tatu," akasema. "Mbili zilitoka kule Sondu. Ndiyo maana huku sikuwaambia kitu. Nilidhani dawa itatosha." Kisha akanitazama. "Madam, alipoanguka, nani alimshika?"

Ningeweza kumdanganya. Nikamwambia ni mpishi, na kwamba mimi nilisimama ukutani.

Akageuza samaki wake kwenye karai. "Hata mimi mara ya kwanza nilikimbia," akasema. "Nilimzaa mwenyewe, na nikakimbia."

Mama, kama angenitukana ingekuwa rahisi kuondoka. Nilimwomba anirudishie ile barua. Nikarudi nayo kwa mwalimu mkuu, nikaiweka mezani pake, nikamwambia kwa heshima kwamba sitaipeleka tena, na nikamwomba aite mkutano wa wazazi. Alinitazama sana juu ya miwani yake, akanipa siku ya kukutana.

Wazazi walijibana kwenye madawati ya watoto wao. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi, yakaniponyoka yote, nikawaambia tu kile nilichokifanya siku ile, nikiwa mtu mzima mwenye cheti cha ualimu. Muuguzi wa zahanati ya jirani akaeleza kwamba kifafa hakiambukizi, si kwa mate, si kwa kikombe. Baba Brian akauliza ana uhakika gani. Mama Auma, aliyekuwa amesimama mlangoni na aproni yake, akamjibu kwamba yeye na dada yake walilala kitanda kimoja na kula sahani moja tangu utoto hadi kila mmoja alipoolewa. "Niangalie basi," akamwambia. Watu wakacheka, na Baba Brian naye akacheka. Mwalimu mkuu akasema Atieno atabaki. Mzazi mmoja hakuridhika, akamhamisha mwanawe, na kiti chake kitupu bado kinaniuma nikikiona.

Lakini kazi nzito zaidi aliifanya Atieno mwenyewe. Aliniomba awaambie wenzake. Alisimama mbele yao akishika ukingo wa sketi, akasema, "Nikianguka sisikii uchungu. Kitu inaniumiza ni kuamka na kupata nyote mko mbali." Hata ngeli zilimpotea, na sikumsahihisha. Kipindi kizima kilichofuata Mama Auma aliwafundisha namna ya kumshika, wakibadilishana kulala sakafuni na kujifanya wagonjwa. Walifurahi mno, nusu yao wakataka kuanguka mara mbili.

Majuzi akaanguka tena, kwenye hesabu. Safari hii nilifika mimi kwanza, Mama. Nilimkinga kichwa kwa sweta yangu. Nyuma yangu nilisikia madawati yakivutwa taratibu na sauti moja ikihesabu dakika. Alipofumbua macho darasa zima lilikuwa limeketi sakafuni kutuzunguka. Msichana mmoja akamwambia, "Mos, Atieno. Umekosa hesabu mbili tu." Mos huku ndiyo pole. Atieno akacheka kwa usingizi, nami nikageuka dirishani kidogo nijifute uso.

Sasa nikuambie kilichonizuia kwenye simu. Tangu siku ile ya kwanza namfikiria Mkawasi, binti wa mjomba. Unakumbuka tukienda kwao alikuwa akiletewa chakula chumba cha nyuma, na sisi watoto tukiambiwa tusicheze naye, tusije tukapata ugonjwa wake. Hakuwahi kwenda shule hata siku moja. Sikulaumu wewe, wala simlaumu mjomba, nyote mliogopa kama nilivyoogopa mimi. Lakini mguu wangu ulijifunza kule kwa mjomba kurudi nyuma. Mkawasi sasa ni mwanamke mzima, na bado yuko chumba kile. Nakuomba, Mama, uzungumze na mjomba, anakusikiliza wewe kuliko mtu yeyote. Mwambie kuna dawa, na kwamba likizo nitakuja nimpeleke Mkawasi kliniki mimi mwenyewe.

Msalimie kaka Mwakio na mkewe, na mtoto wao mchanga ambaye sijambeba. Msalimie shangazi, mwambie kikapu alichonisukia kimefanya walimu wenzangu wote wanionee wivu. Mchungaji mpe salamu zangu, na jirani yetu anayekuchotea maji mpe asante.

Na Mkawasi usimsalimie kwa kupitia kwa mtu. Ingia chumbani mwenyewe, Mama, ukae naye kitandani, umshike mkono, umwambie Wakesho anamwomba msamaha.

Ni mimi binti yako akupendaye,
Wakesho