Mtandio Ulikuwa Wangu

Diriye, walaal, ndugu yangu,

Arobaini yako imepita. Habari niliipata kwa dereva wa lori la ngozi. Alinikuta nje ya ofisi hapa Garissa akaniambia homa ilikuchukua Wajir kwa siku tatu tu, na kwamba walikuzika kabla ya adhuhuri. Nilisema inna lillahi, nikarudi ndani, nikaendelea kutafsiri kesi ya ngamia walioibiwa. Hakuna aliyegundua kitu. Unajua nilivyo hodari wa kuficha uso.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa kuwa ndiyo lugha tuliyojifunza kuiandika pamoja jeshini, ubao mmoja, chaki moja. Kisomali chetu tulikisema tu. Na ninalotaka kusema nilipaswa kulisema ukiwa hai, siku ile nyumbani kwa Mzee Hirsi.

Nakumbuka vitani Burma, yule sajenti wa pwani alipotafuta watu wa kuwachezea askari waliopumzishwa. Mimi nilijiandikisha ili nisichimbe vyoo. Wewe ulisimama ukatazama ngoma aliyotufundisha, mikuki hewani na kelele nyingi, ukamwambia kwa upole kwamba hiyo ni ngoma ya wanaume ambao hawajawahi kushikwa na kiu. Tulidhani utaadhibiwa. Yeye akasema, basi tuonyeshe yako.

Ukatuonyesha kisima. Wanaume wanne, mmoja juu ya mwingine, wakipitishiana ndoo kutoka chini, mikono na migongo ikienda pamoja kama tulivyoteka maji nyumbani. Jukwaa lilikuwa mbao juu ya mapipa. Wewe ulikuwa mtu wa chini kabisa. Halafu ukuta wa kisima unaporomoka, na mama aliyekuja kunywesha mbuzi anamwita mwanawe aliyefukiwa chini, kwa mwili tu, bila sauti.

Hakuna aliyetaka kuwa mama. Tulipiga kura, ikaniangukia mimi. Nilikataa siku mbili. Nilikuambia mimi ni mwanamume, nimeendesha lori chini ya mabomu, sitajifunga mtandio mbele ya kambi nzima. Hukunicheka. Uliniambia, "Usiige mwanamke. Simama kama hooyo wako anavyosimama anapokungoja."

Alasiri ile walipiga miluzi nilipotokea. Nilitaka kukimbia. Kisha nikamkumbuka mama, jinsi anavyoweka mkono kiunoni na kutazama mbali, na mwili ukajua wenyewe la kufanya. Miluzi ikakatika. Nilimwona koplo mmoja wa mizinga, jitu la mtu, amejifunika uso kwa kofia yake. Walaal, sijawahi kujiona mwanamume kamili kama alasiri ile. Sikukuambia. Nilikuambia tu kwamba mbao zilikuwa zinateleza.

Tuliporudi nyumbani nikasema nilikuwa dereva. Dereva tu. Wewe ulimwambia kila aliyekuuliza. Ulikuwa ukikaa na watu kwenye chai, ukainuka kuwaonyesha mkono unavyopokea ndoo, wazee wakatazamana. Nilikuwa naona haya kwa niaba yako, nami ndiye niliyekuwa na la kuficha.

Kisha yakaja maneno kutoka Isiolo, posa yako kwa Fadumo, binti wa Mzee Hirsi, ikiwa imekwisha kukubaliwa. Mzee Hirsi alituita asubuhi, jamaa zake wameketi, akaniuliza mimi kwa sababu nilikuwa nawe vitani. Je, ni kweli mtu huyu alivaa nguo za kike akawachezea wanaume?

Nilisema, "Adeer, mimi nilikuwa dereva. Nilisikia tu kwamba yuko na wachezaji."

Akauliza, kama si yeye, nani alijifunga mtandio? Nikasema nilikuwa mbali, sikuona vizuri.

Ulinitazama. Neno moja lako lingetosha, na watu wote walikuwa wanalingoja. Wiki ile nilikuwa naajiriwa ukalimani, nawe ulijua. Ukamgeukia mzee ukasema, "Mchezo ni wangu. Niliutunga mwenyewe, na siuonei aibu." Hukusema uongo, na hukunitaja. Wao wakaelewa walivyotaka kuelewa, na posa ikavunjika kabla jua halijawa kali.

Ulikwenda Wajir kuendesha lori la watu. Mara mbili ulinitumia salamu kwa madereva. Mara zote mbili nilikurudishia sukari na majani ya chai. Sukari, Diriye. Sikupata hata neno la kuambatanisha. Nilijiambia nitakuja mvua zikikatika, na zilipokatika nilisema kazi ni nyingi.

Baada ya habari ya kifo chako sikuweza kula vizuri. Mke wangu Halima alidhani ni tumbo. Siku moja akichuja maziwa nikamwambia yote: jukwaa, mama, mtandio, na nilichomfanyia rafiki yangu. Hakuacha kuchuja. Mwisho akauliza, "Ulicheza vizuri?" Nikasema ndiyo. Akafunika maziwa, kisha akasema anayestahili kusikia hayo ni Mzee Hirsi.

Nilikwenda. Amezeeka, macho yameingia ukungu. Fadumo aliolewa Bura na ana watoto watatu. Nilimwambia mzee, mbele ya wanawe, kwamba aliyekuwa mwanamke jukwaani ni mimi, na kwamba Diriye alinisitiri. Nilitarajia matusi. Pengine niliyataka.

"Yeye aliniambia haoni aibu," alisema. "Wewe umeniletea yako niibebe uzeeni. Siitaki. Mama yake yu hai. Mpelekee yeye."

Nilirudi nyumbani kwa miguu, jua la saa saba kichwani. Kweli ni kwamba nilikwenda kwake nikitafuta kupumua, si kukutetea. Hata kuungama kwangu kulikuwa na ubinafsi ndani yake.

Wanasema hooyo wako hakutaja tena jina la jeshi tangu ulipofika kwake Wajir. Hakukuuliza, nawe hukumweleza. Amekuzika akiamini waliyoyasema watu.

Nimeomba ruhusa kazini, na nilipoulizwa sababu nimeieleza jinsi ilivyo. Karani mwenzangu amecheka, na yule mkubwa wangu ameniangalia kwa namna mpya. Acha waangalie. Lori la Wajir linaondoka Alhamisi. Nitamwambia hooyo kwa kinywa changu, mchana, jamaa zako wote wakisikia. Akinifukuza nitaondoka bila kujitetea. Akitaka kujua mwanawe alitunga nini, nitasimama uani kwake nimchezee mpaka mwisho.

Mungu akupanulie kaburi, Diriye. Sikuombi unisamehe; msamaha umechelewa kuombwa, na mchelewaji ni mimi. Nakuahidi Alhamisi tu.

Nduguyo aliyenyamaza,
Abdullahi