Siga Iliyolala na Omena

Jumamosi, 4 Februari 1989

Adhiambo wangu atakuwa mkuu wa siga! Hoteli kubwa ya Kisumu, ile ya mabwana wa suti. Naandika kabla sijanawa mikono. Ukurasa unanuka samaki, shauri yake. Nilikuwa nageuza omena, hawa dagaa wetu wa ziwani, kwenye wavu nikamwona anateremka na begi. Miaka ishirini na minne, na anatembea kama mimi nilivyokuwa natembea.

Siga si sigara. Ni majani matupu ya tumbaku, yamesokotwa kwa mkono, nene kama kidole gumba cha Baba Adhiambo. Inatoka ng'ambo. Wageni wanaivuta baada ya chakula na wanataka mtu wa kuwaambia ipi kali, ipi laini. Mtu huyo ni mtoto wangu.

Bado kuna mtihani, Jumatatu ya tarehe 13. Ataonja mbele ya meneja na kusema kila moja ikoje. Akishindwa anarudi kufua mashuka. Hatashindwa. Amepewa likizo, na siga mbili za kujifunzia.

Jumapili, 5 Februari

Nimetangaza kanisani. Sikupanga. Mchungaji aliuliza nani ana shukrani, miguu ikasimama yenyewe. Nilisema amepata. Mtihani sikuutaja.

Mama Risper, anayeanika omena zake karibu na zangu, aliniuliza nje mbele ya watu wote: "Kwa hivyo msichana atalipwa kuvuta?" Nikamjibu, "Atalipwa kujua." Nililifurahia jibu hilo njia nzima.

Baba Adhiambo hakulifurahia. Yeye ni mzee wa kanisa. Amekula ugali bila kuniangalia.

Jumanne, 7 Februari

Siga ya kwanza. Aibu tupu. Adhiambo alivuta, akameza moshi, akakohoa mpaka kuku wakakimbia. Alipojaribu tena akatapika. Nikaona uso wa Mama Risper, ingawa hakuwepo.

Ndipo mama mkwe wangu akatoka nyumbani kwake na fimbo. Sisi wote tunamwita Dani, yaani nyanya, kama wajukuu. Anavuta tumbaku tangu sijazaliwa, tena vile wanavuta wanawake wa rika lake: moto ndani ya mdomo, ncha baridi nje.

"Nani alikwambia umeze?" akamwuliza. "Moshi ni mgeni, nyathina, mwanangu. Anakaa sebuleni. Chumbani anaenda kufanya nini?"

Akaichukua siga, akaigeuza, akaingiza moto mdomoni. Siga ya mabwana! Ilienea kwa sababu meno yamebaki machache. Akafumba macho. Tukangoja. Karanga za kukaanga, akasema. Halafu udongo mvua ikianza. Halafu pilipili kidogo, nyuma ya ulimi.

"Aliyeisokota hii hakuwa na haraka."

Adhiambo akaivuta njia yake ya kawaida, akauacha moshi sebuleni. Hakukohoa! Karanga amezipata. Pilipili pia. Udongo bado.

Alhamisi, 9 Februari

Udongo ameupata leo. Alipiga kelele kama amefunga bao. Majivu yalikuwa meupe, yamesimama bila kuanguka, na Dani anasema hiyo ndiyo dalili ya jani zuri. Ameizima ikiwa imebaki nusu.

Baba Adhiambo alipita, akasimama, akanusa. "Hainuki vibaya." Akaendelea na safari yake. Kwake hiyo ni hotuba.

Ijumaa, 10 Februari

Nimeharibu.

Nilishika ile siga ya pili ikawa laini, kama ina maji. Nikajiambia hawa watu wa ng'ambo hawana jua, wamefunga tumbaku mbichi. Nikaitoa kwenye karatasi yake. Nikaianika kwenye wavu, katikati ya omena, jua la saa sita. Nikajisifu.

Jioni imepasuka kama kisigino. Inanuka omena. Kumbe siga lazima ibaki na unyevu wake, na karatasi ilikuwa ya kuulinda. Tumbaku ya Dani hukaushwa, mimi ningejuaje?

Adhiambo hakunigombeza. Alikaa chini tu. Afadhali angenigombeza.

Jumamosi, 11 Februari

Dani ameamua. "Iwasheni hivyo hivyo. Ajue mbovu ikoje."

Moto ulikimbia. Moshi ulikuwa mchungu, na nyuma ya uchungu, omena. Siyo harufu tu, ladha kabisa. Adhiambo alivuta taratibu, uso umekunjamana, halafu akaanza kucheka. Akasema jani lenyewe ni zuri, ila limelala pabaya. Dani alicheka mpaka akashika ukuta. Na mimi. Hata ndani ya nyumba kuna mzee wa kanisa aliyecheka, nilimsikia.

Jumatatu, 13 Februari

Mtihani ni leo, Adhiambo yuko Kisumu. Nimegeuza omena mpaka zimechoka. Mama Risper ameuliza habari ya "mkuu". Nimesema mzima.

Nimeomba. Nimemkumbusha Mungu kwamba nilimshukuru mapema.

Jumatano, 15 Februari

AMEPATA! Amekuja mwenyewe kutuambia, viatu mkononi, anakimbia.

Aliwekewa siga tatu. Ya kwanza alisema laini, ni kweli. Ya mwisho kali, ni kweli. Lakini ile ya katikati aliivuta mara mbili. Kisha akamwambia meneja, "Jani ni zuri, na aliyeisokota hakuwa na haraka. Lakini bwana, hii imelala na samaki."

Meneja akacheka. Akainusa. Akaacha kucheka.

Wakauliza jikoni. Boksi zima la siga lilikuwa kwenye friji kubwa, chini ya samaki, ngege! Wageni wamekuwa wakirudisha siga na hakuna aliyejua sababu. Mtoto wangu amejua kwa ulimi. Kazi ni yake.

Na ladha hiyo aliijulia wapi? Kwenye wavu wangu! Nimemweleza Mama Risper kwamba nilimfundisha mimi, kwa makusudi. Dani alikuwa amesimama pale. Alinitazama, akatema mate, hakunisaliti.

Alhamisi, 16 Februari

Adhiambo amerudi Kisumu asubuhi. Omena zimekauka vizuri.

Dani amekaa mlangoni kwake na ile nusu ya siga ya kwanza, moto ndani. Harufu ya karanga inafika mpaka hapa ninapoandika.

Baba Adhiambo amechagua jogoo, yule mwekundu. Sikumwambia. Amekwenda mwenyewe kumwalika mchungaji. Mama Risper nimemwalika mimi, akasema ataleta viti.

Jumapili, baada ya ibada, wote wanakuja.