Bungo la Siku Tatu

Jumanne, 14 Januari

Kaka Khubaib amenipa kazi! Mkahawa wake wa steki unafunguliwa Jumamosi, ghorofani, karibu na bustani ya Mama Ngina, hapa Mombasa. Viti vya ngozi, taa hafifu, na hapana tone la pombe. Alichoka kubebea watu mvinyo kule Doha. Ila ile orodha ya mvinyo, jinsi wageni walivyoifungua taratibu kama barua ya posa — hiyo aliipenda. Basi ameandika yake, ya sharbati tupu, na anataka niipime. Mimi ndiye msomaji wa nyumba, eti. Nimkosoe bila haya. Mimi, ambaye mwalimu akinitazama tu natazama chini!

Jumatano, 15 Januari

“Ukwaju mzito, wenye kumbukumbu ya moshi.” Moshi! Mama alicheka mpaka akashika ukuta. Andikeni mchachu, akasema, mwenye kiu hataki hadithi. Lakini nimeonja na nimeuacha moshi ubaki — kaka huichoma sukari kwanza, kweli unanukia. Na kwa nyama yenye pilipili manga, unafaa kuliko vyote.

Komamanga: maneno matamu, kinywaji chepesi mno kwa steki. Nimependekeza kiende na samaki.

“Zabibu za mwaka 2023.” Mwaka nimeukata. Mtu wa Kuze, mtaa wetu, akiona juisi ina mwaka kama mvinyo, atashuka ngazi viatu mkononi.

Alhamisi, 16 Januari

Sina raha. Nimeonja sharbati ya mwisho, ya tunda la bungo, fahari yake: “Bungo la Siku Tatu.” Nilidhani ni jina tu. Kumbe ameliweka siku tatu kweli, chupa zimezibwa, nje ya friji, “lipate kina”. Alipofungua — pss! Povu. Nikaonja tone, ulimi ukachomeka, harufu ikanipanda puani. Nikatema kwenye kitambaa.

“Unaona lilivyochangamka?” Uso wake wote furaha.

Nimerudi nyumbani nikaketi. Bungo likilala linachacha, na likichacha si sharbati tena. Mama humwaga hata la jana! Kaka ameishi mbali miaka mingi, amesahau. Na Jumamosi anayekuja kusoma dua na kula wa kwanza ni Maalim Sheikhan, aliyetufundisha Kurani chuoni sisi wawili na nusu ya Kuze. Akinywa lile, nani atapanda ngazi zile tena?

Nimemwandikia kwa simu: Kaka, bungo limekuwa pombe. Nikafuta. Nikaandika tena.

Nimetuma!

Ijumaa, 17 Januari

Alikuja baada ya swala, akakaa kizingitini. Kisha: “Nimekimbia pombe Doha, nikaja kuitengeneza mwenyewe.” Akacheka. Nikacheka. Tumemwaga chupa zote. Orodha zilishachapwa, basi tumefuta mstari wa bungo kwa kalamu nyeusi, moja baada ya nyingine, tukila mkate wa mofa. Siku nzuri.

Jumamosi, 18 Januari

Naandika jikoni, juu ya gunia la viazi. Haraka.

Kila kitu kilikwenda vizuri. Dua imesomwa, steki imewakolea. Kaka akataka nisimame mezani nieleze orodha — nikaeleza! Sauti ilitetemeka kwenye komamanga tu. Maalim akachukua ukwaju. “Moshi upo, wallahi,” akasema, na kaka akanikonyeza.

Kisha Maalim akaiinua orodha kwenye taa. Wino wetu haukuziba.

“Bungo la Siku Tatu,” akasoma kwa sauti. “Siku tatu, Khubaib?”

Wakwe zake wote wapo. Halafu Maalim akanigeukia mimi: “Maisara, mwanangu, naambiwa wewe ndiye uliyepima. Lilikuwaje?”

Nikasema naitwa jikoni. Hakuna aliyeniita.

Nikisema kweli, nimemwaibisha kaka siku yake ya kwanza. Nikisema sijui — Maalim ananijua tangu alifu. Namsikia kaka akicheka peke yake huko nje, kwa nguvu mno.

Sasa ameingia. Amesimama mlangoni, kitambaa begani, jasho usoni. Hataki niseme uongo kwa ajili yake, anasema. “Mwambie lilivyokuwa. Ila usisahau kwamba tulilimwaga.”

“Maisara!” Maalim huyo, anaita.

Naenda. Nitasema kweli; sijui tu nianze na povu, au nianze na kule kumwaga.