Kijani Kisichofifia Mbele ya Taa

Paris, Jumatano

Kwako dada yangu mpenzi Sidonie,

Nakusalimu sana, na salamu ziwafikie wote hapo Étampes, shemeji pia, kama mguu wake umeanza kumruhusu kutoka nje. Je, kile kifua chako kimepona baridi ya Pasaka? Mimi naendelea. Usishangae mwandiko. Nimeandika kwa mkono wangu, sikumpa yule mwandishi wa barua wa sokoni, maana ana mdomo mpana na ya humu sitaki yatembee. Herufi zimelala upande, lakini zinasomeka.

Habari nzuri umeshaisikia nusu. Mjukuu wako Zélie, uliyenikabidhi nimlee hapa mjini, amechaguliwa kucheza Malkia wa Mto katika bale mpya, dansi ya jukwaani. Pazia linafunguliwa Ijumaa. Miaka yote amecheza safu ya nyuma ambako hata mama mzazi asingemtambua, sasa atasimama mbele peke yake. Bwana Vaucourt, mkuu wa jumba letu, amesema akipendeza atapata kazi ya kudumu. Akikataa kucheza, afunge virago arudi kwenu.

Na nguo yake nimeishona mimi. Nani mwingine? Bwana aliyenifundisha kazi alikuwa akishona za hariri nzito, wanaume nao wakivaa sketi zenye matao ya mifupa ya nyangumi, mtu akiruka unaisikia nguo inaguna. Mimi ndiye niliyeshona shashi nyeupe, kitambaa chepesi kama utando, tabaka juu ya tabaka, hadi msichana akaonekana kama moshi unaotembea. Hapa Paris hakuna anayekunja sketi ya bale kama mimi, na wanaosema yupo ni waongo.

Zilipokuja taa za gesi, tabu ikawa rangi. Kijani chochote ukikiweka mbele ya gesi kinageuka tope. Basi Bwana Vaucourt akaleta shashi ya kijani kipya, kinang'aa kama majani baada ya mvua, gesi haikiwezi. Nilikipenda, sikufichi. Ila rangi yenyewe haikuingia ndani ya uzi, imepakwa juu kwa wanga tu, ukikata inadondoka unga. Meza zetu zikawa kijani, hata mkate tuliokula ukawa na kijani pembeni.

Aliyeanza maneno ni Perrine, mjane anayeshona meza ya pili. Ngozi yake ilipasuka kwenye kucha, pua ikawa inatoka damu. Akasema mbele ya watu, "Mzee Anselme, hicho kijani chako ni sumu ya panya. Kamuulize muuza dawa." Nikamjibu kwamba vidole vyake vinapasuka kwa sababu havijazoea kazi. Watu wakacheka. Wiki iliyofuata Perrine hakuonekana. Nasikia yuko kitandani, chakula hakikai tumboni.

Zélie akayasikia hayo. Siku ya kujaribu nguo alisimama mikono imebana mwili, hataki imguse, akaniuliza mbele ya mafundi wote kama akiivaa atakufa. Unanijua, dada. Mtoto wa nyumbani kwangu aogope kazi ya mikono yangu? Nikasema, "Sumu gani? Nitaivaa mimi mwenyewe mpaka Ijumaa, mtaniona." Mafundi walicheka mpaka wakashika mbavu. Mmoja akaniuliza kama na viatu vya kuchezea nipimiwe.

Nilisema, nikafanya. Nilichukua mabaki ya ile shashi, nikashona mshipi mpana, nikaufunga tumboni chini ya shati, kwenye ngozi. Nikapanda na kushuka ngazi za jumba nitoke jasho kama la mchezaji. Nikalala nao.

Sasa nikuambie ambalo hata padri hajui. Nimekuandikia hapo juu kwamba naendelea. Siendelei, Sidonie. Kiuno chote ni kidonda kibichi. Koo linawaka, mkate haupiti, vidole vinakufa ganzi hadi sindano inaniponyoka. Na bado sikuuvua. Kila asubuhi nilichota rangi nyekundu wanayojipaka wasichana mashavuni, nikajipaka mimi, Zélie asione nilivyopauka. Hakuona. Aliona babu mwekundu kama muuza nyama, na hofu ikamtoka. Akaanza kuwacheka wenzake wanaoogopa. Nilimsikia kwa masikio yangu akiwaambia, "Babu yangu mzee anaivaa, nyie wasichana wazima mnalia?" Maneno hayo yalinitisha kuliko vidonda.

Leo nilinawa uso, nikamwita, nikafungua shati. Nilidhani atapiga kelele na kukimbia. Alishika mdomo, akalia. Nikamwambia aiache bale hii, arudi kwako. Akafuta machozi, akanifunga vifungo vya shati kimoja kimoja, taratibu, kisha akasema, "Lakini wewe Babu umelala nayo. Mimi nitaivaa muda wa kucheza tu."

Nikamwambia habari ya jasho, kwamba ndilo linaloyeyusha rangi ikaingia mwilini. Nikamwambia habari ya Perrine. Akasema Perrine alikuwa mgonjwa siku zote. Ule ukaidi, dada, hakuuokota barabarani.

Nilikwenda kwa Bwana Vaucourt nikamwonyesha tumbo. Akageuza uso, akasema wazee wana maradhi yao. Nikiichana nguo, watashona nyingine, shashi ipo robota zima na mafundi wamejaa. Nimekusudia kukaa mlangoni pa chumba cha kuvalia siku hiyo, lakini miguu hainibebi sawasawa, na mtoto yule ana nguvu, atanisukuma kando kwa upole na kupita.

Njoo. Panda treni ya kwanza Ijumaa. Mimi hanisikii tena, na ni mimi niliyemfundisha asiogope. Wewe, alipopanda paa la nyumba utotoni, ulimwambia ashuke akashuka, bila hata kupaza sauti. Ukifika usinitafute mimi, wala usiulize hali yangu. Mtafute yeye.

Msalimie shemeji, na asikusindikize kituoni, atakuchelewesha. Wasalimie majirani, usiwaambie kitu. Mungu akuweke mzima mpaka tuonane.

Ni mimi kaka yako, fundi wa kwanza wa sketi za bale hapa Paris,

Anselme Corbineau